Kokoto za Jumamosi Asubuhi

Kila Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, kabla upepo haujaanza kurusha vumbi la mashamba ya pamba, kocha mkuu Weldon Pruitt aliuzunguka uwanja wa shule ya sekondari ya Oslin na ndoo ya plastiki mkononi. Mechi huchezwa Ijumaa, na watu wakiondoka huacha uchafu wao. Aliokota vipande vya utepe mweupe, vikinga meno vilivyotafunwa, siku nyingine kiatu kimoja. Halafu aliokota kokoto. Akimaliza alipanda trekta dogo akakata majani, kwa sababu katika miji ya magharibi ya Texas yenye watu elfu mbili, kocha mkuu ndiye mkata majani, ndiye mchora mistari, ndiye mfua jezi, na akifungwa mechi mbili mfululizo ndiye mwizi.

Kokoto zenyewe zilikuwa ndogo kama yai la njiwa, nyeupe, na zilikuwa na joto hata asubuhi za Novemba ambapo majani yameganda. Ziliwadondoka wavulana walipogongana vichwa. Mpira wa kule si wa kupiga teke. Hubebwa kifuani, na wapinzani kumi na mmoja wenye helmeti na mabega ya bandia hukukimbilia wakuangushe, kwa hiyo vichwa hugongana sana. Kila vikigongana barabara, kitu hudondoka. Ukiishika kokoto mkononi unajua papo hapo ni nini: jedwali la kuzidisha kwa saba, jina la mbwa, harufu ya mkate wa mahindi wa nyanya ya mtu. Mwenyewe akiiweka mdomoni, huyeyuka kama peremende na kurudi ilikotoka. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Oslin yalizoleka vizuri tu, kila wiki, kwa ndoo.

Weldon alizipeleka stoo ya vifaa, akazifunga moja moja kwa ule utepe mweupe wa kufungia vifundo vya miguu, akaandika namba ya jezi kwa kalamu nene, akazipanga kwenye maboksi ya viatu. Mlangoni palibandikwa sheria ya shule kuhusu vitu vilivyookotwa: mwenye mali aje mwenyewe, akitaje kitu chake, ndipo apewe. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya makoti na miwani. Hakuna mvulana aliyewahi kuja. Haya, nani atakwenda kudai kitu asichokumbuka kuwa alikuwa nacho? Rafu zikajaa, na hakuna aliyeona ubaya, maana sheria ilifuatwa.

Mara moja tu Weldon aliivunja. Miaka mitatu nyuma alimwonea huruma mkimbiaji wake mmoja, akampa kokoto yake kabla ya mazoezi. Kijana akaiweka mdomoni, akalia kidogo, kisha akavua helmeti na kuiweka chini taratibu.

"Kocha, kumbe hii kitu inauma," alisema. "Mimi basi."

Msimu ule walifungwa mechi saba. Asubuhi baada ya kila kipigo Weldon alikuta vibao vya NYUMBA INAUZWA vimechomekwa mbele ya nyumba yake, vitano, sita, vingine vya madalali asiowajua. Ndiyo desturi ya kule. Hakuna anayekutukana usoni, wanakuuzia nyumba tu. Tangu hapo Weldon akawa mtu wa kufuata sheria.

Mwaka huu ninaousimulia, wa tisini na saba, alikuwa na Tye Marek, namba 54, miaka kumi na saba, mpole, shingo nene, aliyecheza katikati ya ulinzi. Kazi yake ilikuwa moja: aliyebeba mpira alale chini. Tye akigonga mtu, waliokaa jukwaani walijishika mbavu zao wenyewe. Kufikia Oktoba, nusu ya kokoto za ndooni zilikuwa zake. Alidondosha sala ya kabla ya chakula, akadondosha lile bwawa la ng'ombe alikojifunzia kuogelea. Na Jumamosi iliyofuata mechi ya nane, kwenye mstari wa yadi arobaini, Weldon aliokota kokoto kubwa kama yai la kuku.

Aliishika akaona mikono ya mwanamke inamkata mtoto nywele kwenye kiti cha jikoni, akasikia anavyoguna wimbo puani, kisha uso ukageuka. Alikuwa Lorna Marek, mpishi wa hapo hapo shuleni. Haikuwa kumbukumbu moja ya Lorna, alikuwa Lorna mzima, tangu siku ya kwanza. Roho ilimuuma Weldon, tena ilimuuma sana, tusimsingizie. Alisimama pale mpaka baridi ikapenya soksi. Halafu akaifunga kwa utepe, akaandika 54, akapanda trekta.

Lorna alichelewa kujua, na kosa lilikuwa la malezi mema. Watoto wa Oslin hufundishwa tangu wadogo kumjibu kila mwanamke mtu mzima "Ndiyo, bibi," awe mwalimu, muuza duka au aliyewazaa. Tye aliendelea kumjibu mama yake hivyo hivyo, asubuhi na jioni, na wala hakuna kilichopungua. Alikula alichopewa, akashukuru, akatoa takataka nje. Wiki mbili zilipita. Kisha Jumatano moja alimkuta Lorna amekaa jikoni anamenya viazi, akavua kofia, akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani, bibi, unamsubiri nani?"

Kesho yake, Alhamisi, Lorna aliingia stoo na aproni yake, ananuka mafuta ya kukaangia.

"Nimefuata cha mwanangu."

"Kipi hicho, Lorna?"

"Usinizungushe, Weldon. Miaka yote nakuona unaokota hivyo vidude, na mimi nakaa jukwaani napiga makofi kama mwendawazimu. Nipe."

Weldon alionyesha karatasi ya mlangoni. "Sheria ni mwenyewe aje. Na akitaje."

"Atakitajaje na hakijui?"

"Sasa mimi nifanyeje? Nikikupa wewe leo, kesho mji mzima uko hapa mlangoni."

"Si waje! Vyako hivyo?" Lorna aliweka mkono juu ya meza. "Haya, sheria unaitaka, tufuate sheria. Mwenye mali nimekuja. Na kukitaja nakitaja. Kitu chenyewe ni mimi."

Weldon aliitazama filimbi iliyoning'inia kifuani pake. Alitaka kumwambia ukweli, kwamba kijana akiirudisha ile kokoto atavua helmeti kama yule wa mwanzo, na kesho wasiposhinda hakuna mtoano, na bila mtoano yeye ana mke, ana rehani, na hana kazi nyingine anayoijua chini ya jua.

"Jumatatu," alisema. "Nitampa kwa mkono wangu huu. Naapa."

"Kesho atagongwa tena."

"Yeye ndiye anayegonga."

"Na kichwa kinajua tofauti?" Lorna alifungua aproni, akaifunga upya, akakaza. "Wewe mwenyewe mwaka wa sabini na nne, baada ya ile nusu fainali, ulikuwa unaniita bibi. Mimi, mtoto mwenzio wa darasa moja. Wiki nzima! Tulikucheka. Mungu atusamehe, tulikucheka."

Akaondoka, maana foleni ya chakula haingoji. Mlangoni alipishana na Garland Stobbs, mwenye kiwanda cha kuchambua pamba na mwenyekiti wa klabu ya mashabiki, ambaye alikuwa anatafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kwenye kikombe.

"Mama wa kijana ana neno?" aliuliza Garland.

"Mwanawe hamkumbuki."

"Pole yake. Mwambie mimi siku niliyokutana na mke wangu imo humo humo ndani, boksi sijui la ngapi, na ndoa yangu inanawiri kuliko yako." Alicheka peke yake, akatema ganda. "Kocha, nimemkuta jamaa pale kituo cha mafuta ana vibao vinne nyuma ya gari. Nikamwambia, ebu acha haraka, subiri kesho. Umeona ninavyokupigania?"

"Nimeona."

"Ehe. Basi na wewe pigana."

Garland alipotoka, Weldon alichukua boksi la 54 alipeleke rafu ya juu kabisa, asilione. Kule juu, nyuma, palikuwa na maboksi ya zamani ya Kocha Hub Sellers, marehemu, aliyefundisha miaka thelathini na ambaye uwanja uliitwa kwa jina lake. Utepe wake ulikuwa umegeuka njano. Weldon aliyajua maboksi hayo tangu siku aliyokabidhiwa ufunguo. Hakuwahi kuyafungua, kwa kuwa hakuona kama yana kitu chake. Sasa alitafuta mwaka wa sabini na nne, namba 61, jezi yake mwenyewe ya ujana, akaipata bila shida. Hub alikuwa mtu wa mpangilio.

Wavulana wote wa Oslin waliijua hadithi ya 61. Weldon aliwasimulia kila Agosti: jinsi alivyocheza kipindi chote cha pili cha nusu fainali jicho la kushoto halioni, na hakulalamika hata chembe. Aliishika kokoto. Ilikuwa bado na joto. Ndani yake palikuwa chumba cha kubadilishia nguo, wakati wa mapumziko, na mvulana amekaa sakafuni amemng'ang'ania Hub Sellers suruali.

"Kocha, usinirudishe," mvulana alikuwa anasema. "Naogopa. Sikumbuki kwetu ni wapi."

Hub akamwinua kwa ukosi wa jezi kama anayeinua gunia. Na mvulana, akiwa anakokotwa kuelekea kwenye taa za uwanjani, alikuwa anaapa moyoni kwa nguvu zote alizobakiwa nazo: nikiwa mtu mzima, mtoto wa mtu sitamfanyia hivi. Kokoto iliishia hapo. Kiapo na woga vilikuwa vimedondoka pamoja.

Ilibaki kuiweka mdomoni tu. Weldon aliisogeza mpaka karibu na midomo, akahisi joto lake kwenye masharubu. Nje, njumu za wavulana zilianza kugonga saruji ya ukumbi, wakitaniana, mmoja akimzomea mwenzake kwamba anakimbia kama bibi harusi. Sauti ya Tye ilikuwamo, inacheka. Weldon aliinua macho akaisoma sheria ya mlangoni toka mwanzo mpaka mwisho. Mwenye mali aje mwenyewe, akitaje kitu chake. Yeye hakuwa amekuja kwa ajili hiyo, na kama angeulizwa dakika kumi nyuma asingeweza kukitaja. Akakata utepe mpya, kwa sababu ule wa Hub haukuwa na gundi tena, akaifunga kokoto, akaandika upya 61, akairudisha. Kisha akapuliza filimbi.

Ijumaa Oslin walishinda kumi na nne kwa kumi na tatu. Sekunde za mwisho mkimbiaji wa wageni alikuwa amebakiza yadi moja avuke mstari, Tye akamkuta hapo hapo, na mgongano wao ulisikika mpaka kituo cha mafuta. Mkimbiaji alibebwa. Tye aliinuka mwenyewe, akaelekea benchi la wageni, akageuzwa kwa upole na mwamuzi. Jukwaa lote lilisimama. Lorna naye alisimama, kwa kuwa aliyekaa haoni.

Jumamosi asubuhi mbele ya nyumba ya Weldon hapakuwa na kibao hata kimoja, ila pai ya viazi vitamu kizingitini, bado ya moto. Uwanjani aliokota kokoto kumi na tisa. Kwenye mstari wa yadi moja palikuwa na ndogo kuliko zote alizowahi kuona, kama punje ya mahindi. Ilikuwa jina: Tye Wendell Marek. Weldon aliifunga akaandika 54.

Jumatatu kokoto hazikutolewa. Mtoano ulikuwa umeanza, na Weldon alimtumia Lorna ujumbe kwamba ni suala la wiki mbili tatu tu. Klabu ya mashabiki, kwa moyo mkunjufu, ilileta kabati jipya la chuma lililopakwa rangi za timu, lenye kufuli mbili na kibao cha shaba chenye jina la Garland Stobbs. Walipiga picha mbele yake. Sheria ilihamishwa kutoka mlangoni ikabandikwa kwenye kabati.

Mchana wa siku hiyo Weldon alipanga foleni ya chakula na sinia lake, Tye yuko mbele yake. Vijana walimwita Hamsini na Nne, akawa anaitika vizuri. Lorna alimwekea viazi vya kuponda, akaongeza kijiko, akaongeza kingine. Hakulia. Alikuwa ameshalia, na nyuma kulikuwa na watoto mia mbili wenye njaa.

"Asante, bibi," alisema Tye.

Lorna alishikilia sahani upande wake, hakuiachia. "Mwanangu," alisema, "wewe ni mtoto wa nani?"

Tye alifikiri. Alifikiri kwa bidii, kwa heshima ya aliyemuuliza, mpaka paji la uso likakunjamana. Kisha uso ukamchangamka.

"Wa Kocha Pruitt, bibi."

Aliichukua sahani yake akaenda kukaa na wenzake, wakampigia meza kwa ngumi kumkaribisha. Lorna alimtazama Weldon, na Weldon alitazama viazi. Foleni ikasubiri.

"Mchuzi, Kocha?" aliuliza hatimaye.

"Kidogo tu," alisema Weldon, akasogeza sinia.