Aliyekwisha Kuagwa

Binti mmoja wa mwaka wa pili, anayesomea utengenezaji wa meno bandia, aliomba uhamisho katika vyuo viwili, vyote kwenye mji alikoolewa dada yake. Tangu mama yao afariki, kwa dada ndiko kulikokuwa nyumbani kwake. "Njoo tukae wote, chumba cha uani ni chako," alimwambia. Basi akajaza fomu, akawaaga wenzake. Mwenzake wa chumbani, waliyemwita Redio kwa kuwa mdomo wake hauna breki, alilia kwa kwikwi, na wiki hiyo hiyo akatafuta mtu mwingine wa kukaa naye.

Kisha dada akapiga simu.

"Mdogo wangu, shemeji yako kapata kazi ng'ambo. Tunaondoka mwisho wa mwezi."

"Wote?"

"Na watoto. Umekasirika?"

"Hata. Hongereni. Hongereni sana."

Siku tatu hakumwambia mtu. Kwenda angeweza, lakini huko angekwenda kwa nani? Siku ya nne akapiga moyo konde, akaandikia chuo cha kwanza: mipango ya familia yangu imebadilika, naomba mfute ombi langu, nafasi apewe mwingine. Jibu lilirudi kabla hajaiweka simu chini: ujumbe wako umepokelewa, usijibu barua pepe hii.

Chuo cha pili alikipigia. Akapokea karani, kwa sauti mama mtu mzima.

"Unaghairi? Niandike sababu gani, mwanangu? Hapa kuna ugonjwa, ada, ndoa, na mengineyo."

"Mengineyo."

Kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi. "Pole," karani akasema. "Wa mengineyo huwa nawapa pole, maana sijui wana nini."

Maneno yalimjaa binti mdomoni. Alitaka kumweleza yote, dada, watoto, chumba cha uani. Lakini huko nyuma mtu alikuwa anamwita karani.

"Kuna lingine, mwanangu?"

"Hakuna, mama. Asante."

Simu ilipokatika aliendelea kuishika sikioni.

Ikabaki kuwaambia wa chuo chake mwenyewe. Msajili alimtazama juu ya miwani. "Wewe si umehama?"

"Nipo."

"Kwenye orodha hupo." Akapekuapekua, akalipata faili lake kati ya mafaili ya waliohama, akamwandika kwa mkono chini kabisa ya ukurasa. Kitanda chake kilishachukuliwa na rafiki mpya wa Redio, hivyo akapewa kingine, katika chumba cha wasichana wa mwaka wa kwanza.

Karakana ya meno ilipomwona ilicheka. "Eh! Umesahau nini?" Naye akacheka. Hakuna aliyengoja jibu. Makundi yalishagawanywa, kila mtu na meza yake. Akakaa peke yake dirishani, akachonga gego la nta. Mwalimu alipita, akaligeuzageuza. "Limekaa vizuri," akasema, akaendelea na meza inayofuata.

Jioni akabeba godoro hadi chumba kipya. Wasichana watatu waliruka kusimama.

"Shikamoo, dada!"

Hakuwahi kuamkiwa hivyo. "Marahaba," akasema, akaanza kutandika.

"Umehamia kutoka chuo gani, dada?" mdogo wao akauliza.

"Hiki hiki."

Walitazamana, wasijue kama ni utani. Kisha yule mdogo akashika ncha ya pili ya shuka, wakalivuta pamoja mpaka likanyooka.