Ripoti Inayopiga Hodi

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Karibu, na jina hilo alijitakia mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuvuta sauti. Kituo cha redio kilikuwa kimehamia jengo jipya lenye lifti na zulia, lakini rekodi za miaka nenda miaka rudi zilibaki kwenye seva ya jengo la zamani, upande wa pili wa mji. Ilibidi zivutwe kwa mtandao, faili moja moja, kabla jengo lile halijavunjwa. Bi Karibu alizivuta kwa programu moja kavu, isiyo na picha wala vitufe: skrini nyeusi, unaandika amri, unasubiri. Faili likifika, programu inakutolea ripoti. Na ripoti hiyo, ukiiacha ilivyozaliwa, ni tarakimu tupu zilizobanana mpaka macho yanauma.

Ila programu ile ina ruhusa moja ambayo wengi hawana habari nayo. Unaweza kuitungia ripoti yako. Unaandika maneno uyatakayo, unaacha nafasi wazi, nayo inazijaza: hapa jina la faili, hapa lilikotoka, hapa uzito, hapa muda liliosafiri. Wenzake walipoonyeshwa maajabu hayo walisema "sawa", wakarudi kwenye chai yao. Yeye alikaa nayo asubuhi nzima akicheka peke yake kama mtu aliyetekenywa, na tangu siku hiyo kila faili lilijitambulisha kiungwana:

*Hodi.*
*Naitwa: mahojiano na daktari wa mifugo.*
*Natoka: studio ya zamani.*

Chini yake ukafuata uzito, kisha mwendo. Anwani za mtandao nazo, ambazo ni namba za kuchosha, alizibatiza majina. Ya seva kule ng'ambo aliiita studio ya zamani. Ya kompyuta yake, mezani kwangu. Ya nyumbani, ambako alimfungia mama yake kijimtambo cha mtandao ili asikilize nyimbo, aliiita kwa mama.

Hakuishia hapo, maana mzaha ukinoga haukosi chumvi ya pili. Alipanga kwamba faili lisiingie ghalani mpaka yeye aandike neno karibu. Lipige hodi mara tatu, likipumzika kila mara. Lisipojibiwa liende zake, kama mgeni yeyote aliyelelewa. Likijibiwa, liandike: *Nimekaribishwa.* Basi ikawa mazoea. Kila alipoliandika neno lile alilitamka pia kwa sauti bila kujijua, hata simu ikiwa sikioni, hata mdomo ukiwa umejaa mkate. Meneja alipita siku moja, akamsikia akiikaribisha taarifa ya hali ya hewa, akatikisa kichwa. Ndipo jina likamganda.

Wenzake walidhani anaipenda kazi. Kumbe alikuwa anamtafuta mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi wa sauti kule jengo la zamani. Alikufa kwa umeme katika studio ndogo, akijaribu maikrofoni mpya, mashine ikiwa inarekodi. Mama yao alimwita Upepo, kwa sababu maishani mwake hakuwahi kupiga hodi. Mlango ulifunguka tu, paa, yumo ndani, mkono tayari uko kwenye sufuria. Mama alimgombeza mpaka akachoka. "Hii ni nyumba au stendi?" alikuwa akisema. "Mwenzio akija anabisha kwanza." Upepo alicheka tu, akaendelea kutafuna.

Sasa mama hakuwa na wa kumgombeza. Chumba cha Upepo hakikufungwa, shuka zilifuliwa na kutandikwa upya kana kwamba yuko safarini. Jioni Bi Karibu alipoingia na kumwamkia, marahaba ilikuja na swali lake.

"Umempata?"

"Bado, mama."

"Hata akikohoa tu, mwanangu. Nijue ni yeye. Nimeanza kuisahau sauti yake, na hilo linaniua kuliko msiba wenyewe."

Rekodi ile ya mwisho ilikuwa humo humo kwenye seva, lazima. Lakini mafundi huyaita mafaili yao wanavyojua wao, na wengine hata hawayaiti. Ilibidi yavutwe yote. Na siku yenyewe ilikuwa imefika: wabomoaji walikuwa wameegesha mitambo yao nje ya jengo la zamani, na Kaka Waya, fundi umeme wa kituo, alikuwa ametumwa akaizime seva. Bi Karibu alimwomba amsubiri mpaka alasiri. "Dada, kwa ajili yako nitajifanya nimepotea njia," Kaka Waya alimwambia.

Baada ya chakula cha mchana mafaili yalikuja kwa pupa. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Matangazo ya sabuni, hotuba, kwaya ya shule. Yeye alisikiliza mwanzo wa kila moja, moyo mkononi, akaliacha. Kisha skrini ikatulia. Foleni ilikuwa imekwisha na Upepo hakuwemo.

Alikaa akiitazama ile skrini nyeusi. Machozi yalikuja, akayaacha yatoke. Hakukuwa na mtu chumbani wa kumwonea haya. Atamwambia nini mama? Alikuwa anautafuta mkoba wake chini ya meza skrini ilipoandika:

*Hodi.*
*Naitwa:*
*Natoka: studio ya zamani.*
*Uzito wangu: 0.*
*Nimesafiri:*

Hakuwa ameandika amri yoyote. Alifikiri ni faili lililokwama njiani, jambo ambalo hutokea, ingawa mwili wake haukuafiki. Akampigia Kaka Waya ili amwombe dakika chache zaidi.

"Dakika za nini tena, dada?" Kaka Waya alishangaa. Nyuma yake kulisikika kishindo cha matofali. "Hawa watu hawakutaka kusubiri. Seva nimeizima zamani. Waya wake huu hapa, nimeuviringisha begani."

"Kuna faili linakuja kutoka huko."

"Huku hakuna kitu kinachowaka. Hata taa sina, natumia tochi." Akalainisha sauti. "Dada, nenda nyumbani kapumzike."

Alikata simu. Baridi ilimtambaa mgongoni, na kiyoyozi cha chumba kile kilikuwa kibovu tangu wahamie. Skrini ikaandika tena:

*Hodi.*
*Naitwa: Upepo.*
*Natoka: mezani kwangu.*
*Uzito wangu: 0.*
*Nimesafiri: tangu siku ile.*

Mstari wa mwisho aliusoma mara mbili. Nafasi ile programu huijaza tarakimu, na tarakimu tu. Haina maneno ya kuweka pale, wala hakuna mtu aliyeifundisha. Na aliyebisha hakuwa nje tena. Alikuwa ndani ya kompyuta iliyokuwa mbele yake, karibu kiasi kwamba pumzi zao zingegongana, kama angekuwa na pumzi.

Hofu alikuwa nayo, lakini furaha ilikuwepo pia, hilo halifai kufichwa. Upepo. Jina lile lilijulikana na watu watatu tu duniani, na mmoja wao alikuwa kaburini. Mwambie mtu aliyefiwa kwamba marehemu yuko mlangoni, uone kama atauliza maswali. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Akaandika k, akaandika a, akaandika r, akaandika i.

Hapo akili ikamrudia. Akaliona lile neno la kwanza, lile alilolitunga mwenyewe kwa mzaha, akakumbuka sufuria na mkono na mlango unaofunguka paa. Lini mdogo wake alibisha hodi? Hata siku alipoletwa kwenye jeneza, wabebaji walisukuma mlango wakaingia moja kwa moja, na mama alicheka katikati ya kilio, akasema, mwacheni, ndivyo alivyo.

Akazifuta herufi zote nne. Akaketi juu ya mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa, akasubiri hodi ya tatu impite. Bado moja tu, alijiambia. Lisipojibiwa litakwenda zake. Huo ndio utaratibu, na yeye ndiye aliyeuweka.

*Hodi.*
*Naitwa: Upepo.*
*Natoka: kwa mama.*

Aliinyakua simu na kubonyeza namba ya nyumbani. Iliita, ikaita. Hakuiondolea macho skrini, ambako hakuwa amegusa herufi hata moja, na ambako chini ya zile hodi tatu mstari mpya ulijitokeza taratibu.

*Nimekaribishwa.*

Simu ikapokelewa.

"Mama, shikamoo. Mama, nisikilize. Mtu akibisha mlangoni usimjibu. Hata ukimjua. Funga mlango kwa ndani, nakuja sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ya mama ilikuwa na furaha ambayo hakuwa ameisikia tangu kabla ya msiba. "Umejuaje? Ndiyo kwanza ameketi."

"Nani ameketi?"

"Mdogo wako, nani mwingine? Nilijua tu atarudi. Kakonda, hana uzito hata wa unyoya. Lakini usiku na mchana nilimwomba Mungu, na Mungu si mwanadamu." Mama alishusha sauti, kama afanyavyo mtu anayemsifu mtoto mbele ya mtoto mwenyewe. "Na huko alikokuwa wamemfunza adabu. Amesimama nje, amepiga hodi mara tatu, akangoja mpaka nikamkaribisha."

"Mama, toka humo ndani. Toka hivi hivi ulivyo, bila viatu."

"Acha wivu wewe. Haya, anaitaka simu. Ngoja nimpe akusalimie."

Simu ikahama mikono. Kwa muda hakukuwa na kitu, hata pumzi, isipokuwa mlio wa friji ya mama kwa mbali. Kwenye skrini, pale palipoandikwa uzito, sifuri ilikuwa imeanza kupanda.

Kisha mtu akakohoa. Alikuwa ni yeye. Kile kikohozi kikavu cha kusafisha koo kabla ya kujaribu maikrofoni, kile kile alichokitafuta faili baada ya faili mwaka mzima, kikamwingia sikioni safi, bila mkwaruzo wowote.

"Dada," sauti ya Upepo ilisema, taratibu, kwa heshima. "Hodi."

Bi Karibu alikuwa anakumbuka kila kitu. Alijua kwamba haifai, na kwa nini haifai, na mkono wake ulikuwa tayari umepanda kujiziba mdomo. Ulichelewa. Mdomo ulikuwa umelizoea lile neno kuliko alivyojizoea yeye mwenyewe, nao ulikwisha kulisema.