Bahasha Iliyopigwa Pasi

Uvumi uliletwa na mwanamke aliyekuja kubadilishiwa zipu. Alisimama kwenye kibaraza cha Mama Pindo, akaegemea cherehani, akashusha sauti kama mtu anayeleta taarifa ya msiba.

"Umesikia ya binti wa muuza mkaa? Kakosa chuo cha wauguzi."

"Si alifaulu?"

"Kufaulu kitu kingine, shoga yangu. Barua! Siku hizi chuo hakikuchukui mpaka mwalimu wako akuandikie barua ya mapendekezo. Anaifunga kwenye bahasha, anaigonga muhuri, mtoto anaipeleka kwa mkono wake na hajui kilichomo. Kumbe mwalimu kaandika kwamba binti anatafuna kucha."

"Kucha tu?"

"Kucha tu! Wakasema huyu akiingia wodini atamaliza bandeji."

Mama Pindo alicheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Zipu ile aliishona juu chini, akaifumua, akaishona tena juu chini. Shule yeye aliishia darasa la saba, na tangu siku hiyo karatasi yoyote yenye muhuri humtoa jasho la viganja. Na binti yake, mtoto wa pekee, alikuwa ameomba chuo cha wauguzi. Barua ilitakiwa ifike kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Wa kuiandika alikuwa Mwalimu wa Bayolojia, ambaye binti alibishana naye mwaka mzima.

"Sibishani naye, mama. Namwuliza."

"Mbele za watu?"

"Sasa nimwulize nyuma za watu?"

Mdomo huo! Mdomo huo ndio uliomkosesha Mama Pindo raha.

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Jumatatu, Mama Pindo alijitupia futi ya kamba shingoni, akaenda hadi ofisi ya walimu. Alimkuta Mwalimu wa Bayolojia akisahihisha madaftari, miguu imetoka viatuni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, ingawa umenizidi umri. Kuna nini?"

"Hakuna neno. Nimepita tu, nikaona mwili wako unalilia gauni."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Mama, barua nitaandika hata bila gauni."

"Barua? Barua gani tena?" alisema Mama Pindo, macho kwenye dari.

Mwalimu alicheka hadi akakohoa. Alisema gauni analihitaji kweli, lakini atalilipia kama mteja mwingine yeyote, na wakikubaliana hivyo apimwe sasa hivi. Daftari la vipimo la Mama Pindo lilikuwa limejaa mpaka kwenye jalada, basi mwalimu akamchania karatasi moja ya samawati kutoka kwenye bunda lake. Mama Pindo akaandika, kama anavyoandika miaka yote, bila kuficha chochote:

*Kifua 44. Kiuno 43 (alivuta pumzi, ongeza 2). Hipsi 52. Tumbo lifichwe kwa mikunjo. Begani usibane, ana nguvu.*

Akaikunja mara tatu, akaitia mfukoni.

Jumatano alasiri binti alirudi na bahasha. Muhuri wa shule ulikuwa umegongwa pale hasa mfuniko unapokutana na bahasha, ili ikifunguliwa ijulikane.

"Mama, naiweka hapa mezani. Usiiguse."

"Nani aiguse? Nina kazi zangu."

Binti akachukua ndoo akaenda kuoga. Mama Pindo akabaki na bahasha, kitambaa kibichi, na pasi iliyokwisha kupata moto. Ukimwachia paka maziwa halafu ukamwambia akulindie, kosa la nani? Akili ilimwambia acha. Mkono ukajibu, mara moja tu.

Alilaza kitambaa juu ya bahasha, akagusisha pasi, mvuke ukapanda, gundi ikalegea yenyewe. Miaka ishirini ya kunyoosha kola haikupotea bure. Ndani mlikuwa na karatasi ya samawati, imekunjwa mara tatu. Akaisoma kwa kidole, neno kwa neno. Mwanzo ulikuwa mtamu: mtoto ana bidii, ana usafi, anawahi. Kisha kidole kikakwama.

*Huuliza maswali mpaka mwalimu achoke, na asiporidhika haondoki.*

"Kaniulia mtoto," alinong'ona Mama Pindo.

Kucha ni nini mbele ya hayo? Alitoa karatasi ya vipimo mfukoni, akailaza pembeni, akaanza kufikiria kama mwalimu anaweza kuongezewa gauni la pili ili ule mstari upunguzwe. Hakufika mbali. Ndala za binti zikasikika uani, pwata, pwata. Mama Pindo alikwapua karatasi, akaisokomeza kwenye bahasha, akalamba mfuniko, akaukandamiza kwa kiwiko. Muhuri ulikuwa umetanuka kama jicho lililopigwa ngumi.

"Mbona unahema?" binti aliuliza.

"Pasi hii nzito."

Alhamisi asubuhi binti aliondoka na bahasha. Mama Pindo alitandika kitambaa cha gauni mezani, akashika chaki, akafungua karatasi ya vipimo ili aanze kukata.

*Kwa Mkuu wa Chuo,* ilisema karatasi.

Chaki ilianguka. Chuo kilikuwa mtaa wa nne kutoka pale, na waliomwona siku ile wanasema hakukanyaga chini. Alipita getini na futi shingoni, pini tatu mdomoni.

Mlango wa Mkuu wa Chuo ulikuwa wazi. Binti alisimama mbele ya meza, macho mekundu. Mkuu, mama mwembamba mwenye miwani, alikuwa ameshika karatasi ya samawati kwa vidole viwili.

"Nasoma tena," alisema Mkuu. "Tumbo lifichwe kwa mikunjo. Hii ndiyo tabia yako darasani?"

"Sijui, mheshimiwa. Sikuifungua."

"Muhuri umetanuka, gundi imechezewa. Bahasha iliyofunguliwa hatuipokei, na mwombaji aliyeifungua hatumpokei."

Mama Pindo angeweza kurudi kinyumenyume. Hakuna aliyekuwa amemwona bado. Lakini alimtazama binti yake, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na swali. Akatema pini kiganjani.

"Ni mimi," alisema. "Kwa pasi. Mtoto alikuwa anaoga."

Binti akageuka polepole. "Mama!"

"Nyamaza, naadhirika."

Alitoa barua ya kweli. Mkuu hakuipokea hata kwa ncha ya ukucha. "Hiyo imekwisha kusomwa na asiyehusika. Niletee nyingine kwa mwalimu, imefungwa, kesho kabla ya saa sita. Saa sita na dakika moja, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Na hii," akasukuma vipimo, "umpelekee mwenyewe. Mikunjo peke yake haitafaa. Ukate kiuno juu kidogo."

Mwalimu wa Bayolojia alisikiliza habari yote mikono kiunoni.

"Hipsi zangu zimesomwa chuoni?"

"Mara mbili," alisema binti.

"Wewe nyamaza. Mama, ulitafuta nini humo?"

"Nilisikia watu wanaandikiwa mabaya. Na kweli umeandika kwamba anachosha kwa maswali."

Mwalimu alishusha mikono kiunoni. "Mama, muuguzi asiyeuliza humpa mgonjwa dawa ya jirani. Huo ndio mstari niliouandika kwa moyo wote."

Mama Pindo aliinamia futi yake, akaanza kuikunja.

Ijumaa saa mbili asubuhi, mwalimu alifika kibarazani na bahasha mpya. Barua ilikuwa ndani, gundi haijalambwa bado. "Washa cherehani," alisema. "Shona pande zote nne. Uzi mwekundu. Halafu nitagonga muhuri juu ya mshono, nione hiyo pasi yako itafanya nini."

Mama Pindo alishona. Barua ilipita chini ya vidole vyake inchi kwa inchi, naye hakujua hata neno moja la ndani. Saa tatu na nusu bahasha ilikuwa chuoni. Mkuu aliomba mkasi.

Binti alichukuliwa. Gauni nalo lilitoka vizuri, kiuno kimekatwa juu.

Basi wewe mzazi uliyefikia hapa, epuka haya:

Usisikilize habari za chuo kutoka kwa mtu anayesubiri zipu.

Usimpime mwalimu gauni kabla hajaandika barua.

Usifungue bahasha isiyo na jina lako, hata kama pasi imekwisha kupata moto.

Usiweke karatasi mbili za rangi moja kwenye meza moja.

Usimnyamazishe mtoto anayeuliza.

Ukikosea, usimwachie mtoto asimame peke yake mbele ya meza.