Walifaulu Wote Wanane

...wote wanane, ndiyo, ndivyo ilivyoandikwa, ukurasa wa kumi na mbili, mstari wa tatu, na aliyeandika ni yeye mwenyewe, na sasa mama mchunguzi wa hospitali anauliza kutoka kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza, sauti yake inakwaruza kidogo, "Kwa hiyo, dada, nikuelewe hivi, wauguzi wote wanane mliowajaribu waliitumia hiyo pampu ya dawa bila kukosea?" na mkurugenzi wa kampuni yao inayotengeneza pampu hizo amemgeukia, macho yake yanasema haya jibu tumalize, anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani, kijiko kinagonga ukingo wa kikombe, na yeye, ambaye kazi yake ni kukaa pembeni ya watu na kuwatazama wakibonyeza vitufe, ambaye ofisi nzima humwita Dada Daftari kwa sababu hajawahi kuonekana mikono mitupu, hana pa kuweka macho ila kwenye kidole chake kilicholala juu ya lile neno, wanane, sema ndiyo, ni neno moja tu, karatasi imeshalisema, karatasi haina haya, mwenye haya ni mtu... "Anatafuta ukurasa," mkurugenzi anaiambia simu, na anacheka kidogo, na mama mchunguzi anasema hamna shida, atangoja.

Atangoja, watu wana subira, mashine ndiyo haikuwa na subira, au tuseme ilikuwa na subira kupita kiasi, sekunde nne, alizipima baadaye kwa saa ya simu yake akiwa peke yake katika chumba cha majaribio, sekunde nne kati ya kubonyeza Thibitisha na kioo kugeuka kijani, na ndani ya hizo nne hakuna mlio, hakuna taa, hakuna chochote, na ukibonyeza tena kwa kudhani haikukusikia, pampu inahesabu mara mbili na inamwaga dawa mara mbili, kama ilivyomwaga Ijumaa iliyopita kwenye mshipa wa mama mmoja wa watoto watatu aliyekuwa ametoka kupasuliwa nyongo, akalala usingizi uliozidi usingizi, pumzi zikapungua, na leo ni siku ya nne anapumulia mashine nyingine, na barua ya hospitali inasema kosa la mtumiaji, na mtumiaji amesimamishwa kazi, muuguzi mwenye miaka thelathini na moja kazini, na pale barua ilipoongeza kwamba wenzake wodini humwita Mama Saa, Dada Daftari aliiweka chini akaenda chooni akafungua bomba ili watu wasisikie.

Mama Saa, mshiriki wa tano, saa yake imebanwa kifuani kwa pini, miwani kwenye ncha ya pua, alipoingia chumba cha majaribio akaukuta ule mkono wa mpira juu ya kitanda, mkono wa mfano ambao wenzake wote waliushika kama kipande cha bomba, yeye akaupapasa akasema, "Pole mgonjwa wangu, nitakuumiza kidogo tu," na mpiga picha akacheka mpaka kamera ikatikisika, na yeye Dada Daftari akamwambia yale anayowaambia wote, "Mama, hapa hatukupimi wewe, tunaipima mashine, ukikwama kosa ni letu," na Mama Saa akaitikia, "Haya mwanangu, ila mashine zenyewe huwa hazijui hilo," kosa ni letu, ameyasema hayo kwa watu mia ngapi, kwa sauti ile ile ya upole, na barua inasema la mtumiaji, la mtumiaji... Mama Saa akaandika kipimo, akabonyeza, akangoja, "Mbona imenyamaza? Imenisikia kweli?" na kidole kikainuka, kidole kinene kilichokatwa kucha fupi, kikaanza kushuka mara ya pili, na hapo ndipo Dada Daftari alipokohoa.

Hakuwa na mafua, hakupaliwa, sheria ya kazi yake ni moja na anaifundisha kwa wengine, ukiwa pembeni ya mtu anayejaribiwa wewe ni kiti, kiti hakitikisi kichwa, kiti hakikohoi, naye akakohoa, na kidole kikasimama hewani, Mama Saa akamtazama juu ya miwani, "Ningoje?" na kabla hajajibiwa kioo kikageuka kijani, Mama Saa akapiga kofi la furaha kama msichana, na katika daftari, mbele ya namba tano, ikaingia alama ya vema.

Kwa nini ulikohoa, we mtu mzima, kwa nini... kwa sababu ya mama, sema tu, kwa sababu kile kidole kilikuwa cha mama, mama yake mzazi mbele ya mashine ya kutoa namba za foleni posta, yeye akiwa na miaka kumi na saba na viatu vipya, mama anabonyeza na kubonyeza kana kwamba anakanda unga, watu nyuma wanaguna, mtu mmoja anasema shikamoo bibi lakini tuna haraka, na yeye badala ya kusogea mbele akarudi nyuma hatua mbili, hatua mbili tu, akatazama bango ukutani kama mtoto wa mtu mwingine, na mama alipopata namba yake hakumgombeza, walitembea mpaka nyumbani, njia nzima neno moja tu, "Mashine hizi hazina adabu," na hakusema mashine na nani... basi alikohoa ili asimwone tena mama akiaibika, ndiyo, huruma, ila huruma ya nani kwa nani, maana Mama Saa hakuwa ameaibika hata kidogo, alikuwa anauliza swali la maana kabisa, imenisikia kweli, aliyeona aibu ni yule wa viatu vipya.

"Upo, dada?" inauliza simu. "Yupo, yupo," anajibu mkurugenzi, na anamsukumia ile karatasi karibu zaidi, kwa ncha ya kijiko.

Na ungekuwa umeishia kwenye kikohozi tungesema ni bahati mbaya, lakini mlangoni, wakati wa kuagana, Mama Saa alimshika mkono akamwambia waziwazi, "Mwanangu, ukweli wangu, mimi ningebonyeza tena, mficha uchi hazai, ule ukimya wake unanitia wasiwasi, na wodini sina nafasi ya kusimama naitazama," akaambiwa kwa mdomo, kwa Kiswahili, na akaandika pembeni kwa herufi ndogo, anabonyeza mara mbili, akatia alama ya kuuliza, hata akaenda nayo kwa mkurugenzi, ndiyo, alikwenda, hilo angalau, na mkurugenzi akauliza, "Amebonyeza au hakubonyeza?" "Hakubonyeza, lakini..." "Basi amefaulu. Na hata angebonyeza, mmoja kati ya wanane? Kosa moja haliachi mke, Dada Daftari," chumba kikacheka, na yeye akacheka, hilo ndilo linalomkereketa kooni kama mwiba wa samaki, kwamba alicheka, na hakumwambia juu ya kikohozi, na ile alama ya kuuliza haikuingia kwenye ripoti.

Mmoja kati ya wanane... hospitali ile ina wauguzi mia nne, gawa kwa nane, hamsini, hata mtoto wa darasa la nne angeipata, hamsini walio kama Mama Saa, si wajinga, si wazembe, watu wenye wagonjwa kumi na watano na mikono miwili, na hakuna hata mmoja wao ambaye pembeni yake amekaa mtu wa kumkoholea, yule mama alikuja kutuonyesha shimo, nikamshika mkono akavuka, kisha nikaandika hapa hapana shimo, na wenzake wakaja wanatembea... na leo unawaza nini, unawaza kazi yako, unawaza miaka kumi na miwili ya alama za vema, watakaposikia moja ni ya uongo watazikagua zote, unawaza uso wa Mama Saa ukikutana naye sokoni, unajililia mwenyewe, saa ngapi sasa, akainua macho kwenye saa ya ukutani, saa nne na nusu, saa nne na nusu ndiyo zamu ya dawa, si Ijumaa iliyopita, leo, sasa hivi, pampu zile bado ziko wodini kwa sababu aliyeondolewa ni muuguzi, wodi sita, na katika mojawapo mtu ameshabonyeza na anasubiri, imenisikia kweli...

"Saba," akasema.

Kijiko kikaacha kugonga. "Umesemaje?" akauliza mkurugenzi, na kichwa chake kinamwambia hapana, hapana, taratibu.

"Walifaulu saba, mama. Wa tano alikuwa anataka kubonyeza mara ya pili, nikakohoa ili asibonyeze, nikaandika amefaulu. Ndiye huyo mliyemsimamisha. Mashine inanyamaza sekunde nne, mtu yeyote atabonyeza tena. Hayo mengine nitakueleza yote, nitaandika na kutia sahihi, lakini usinisikilize sasa, mama, wakimbilie wodini, waambie wabonyeze mara moja tu."

Mkurugenzi alinyoosha mkono kuelekea kwenye simu, sijui ili aizime au aseme neno, lakini kwenye simu hapakuwa tena na mtu wa kuongea naye, ulisikika mguu wa kiti ukiburuzwa, kisha mlango, kisha viatu vya mtu anayekimbia kwenye sakafu ndefu.