Fayawoli ya Mama Malak

Bashir aliuza spea za lori Nakuru mjini, na hakuna mashine iliyowahi kumtisha. Lakini asubuhi hiyo, sebuleni kwake mwenyewe, alikaa pembeni kama mgeni. Mkewe Ladan alikuwa amepata kazi ya kutafsiri Kisomali kwa simu, kati ya madaktari wa ng'ambo na wagonjwa wao. Waajiri walitoa sharti moja: mazungumzo yapite kwenye fayawoli yake mwenyewe, kile kisanduku cheusi cha kulinda mtandao, bila rauta ya kampuni ya mtandao katikati. Mgonjwa wa kwanza angepiga saa nne. Asingempata Ladan, kazi angepewa mwingine.

"Boss, bila rauta yetu haitawaka," Levis, fundi wa faiba aliyetumwa na kampuni hiyo, alimwambia Bashir.

"Mwambie yeye," Bashir akajibu. Alimjua mkewe.

Ladan alichomoa waya kwenye rauta, akauchomeka kwenye fayawoli. Taa haikuwaka. Akamwomba Levis namba ya laini yao ya faiba. Levis akapigia ofisi, akapewa, Ladan akaiingiza kwenye fayawoli. Wapi! Bashir jasho likamtoka. Mkewe alivyokomaa kujifunza mashine hii miezi yote, leo imwaibishe?

"Mama Malak, rudisha tu rauta," akamsihi. "Kazi itakuponyoka."

"Tulia, Baba Malak. Kile kisanduku cha faiba pale ukutani bado kinaikumbuka rauta. Wacha kwanza kisahau."

Akakizima kile kisanduku cha ukutani, akaketi, mikono mapajani, ametulia tuli. Hata Levis akaacha kuchezea simu yake. Jamani, huyu mwanamke alijifunzia wapi subira ya namna hii? Alipokiwasha tena, taa ya fayawoli ilipepesa kidogo, kisha ikakaa kijani.

"Aki mathe, umeniweza," Levis alisema, akakunja nyaya zake, akaondoka.

Bashir moyo ulimjaa. Angepewa spika ya msikiti, angemtangaza mkewe mtaa mzima.

Saa nne simu ikaingia. Bashir akasogeza kiti asikie vizuri. Ladan akazima maiki, akamwonyesha mlango.

"Toka, Baba Malak. Huyu mama ana siri yake na daktari."

Bashir hakuwa amewahi kufukuzwa kwenye nyumba yake. Akatoka, akavuta mlango taratibu, na jirani alipokuja kuomba sukari, akamzuia kwa mkono.

"Mke wangu yuko kazini," alisema kwa fahari.