Chumvi Kwenye Chupa ya Soda

Kalunde alikuwa anakaanga chumvi. Si viazi, si njugu: chumvi tupu, ndani ya sufuria kavu, alfajiri, moshi wa kuni ukimtoa machozi. Jirani yake Kaluki alisimama mlangoni na gunia tupu begani, akabaki mdomo wazi.

"Mwaitu, mama yangu, njaa imekupanda kichwani? Watu wanapanga laini ya mahindi, wewe unapika chumvi!"

"Ngoja dakika mbili. Chumvi ikiwa na maji itanidanganya."

Akaifunga kwenye nailoni, akachukua chupa ya soda aliyoianika tangu jana, wakashika njia ya kanisani.

Mwaka huo wa 2004, ukitaka kumkasirisha mtu wa Kalama, ungemtajia mahindi tu. Mvua ilikuja wakati wa kuvuna, na wezi nao hawakungoja mahindi yakauke. Kalunde akavuna mabichi, akayamwaga chini ya kitanda, kwenye sakafu ya udongo, akayalalia kama askari. Mwizi hakuyapata. Ukungu uliyapata. Punje za kijani alizichambua akazitupa, zilizobaki akazitwanga ziwe muthokoi, mahindi yasiyo na ganda, kwa kuwa mama yake alizoea kusema ganda likitoka, ubaya umetoka. Kumbe wapi! Wiki ya tatu macho ya mumewe, Muindi, yakageuka manjano na tumbo likamvimba. Na ni yeye Kalunde aliyempakulia. Hilo lilimtafuna kuliko njaa yenyewe.

Mungu hakumtupa. Muindi alikuwa anapona hospitalini mjini, na daktari alisema atatoka Ijumaa. Lakini arudi ale nini? Mahindi ya nyumbani askari waliyabeba wakayachoma, wakamwachia kikaratasi cha kubadilishia mahindi ya serikali. Leo ilikuwa Jumatano.

Kwenye uwanja wa kanisa lori la mahindi lilikuwa limeshafika. Naibu wa chifu, Bwana Nzomo, alikuwa amekaa mezani na daftari na kidau cha wino. Kalunde aliingiza mkono ndani ya gunia alilotengewa mpaka kwenye kiwiko. Mlikuwa na vuguvugu.

"Weka kidole hapa, mama. Gunia ndiyo hiyo."

"Naomba kupima kwanza."

"Kupima nini? Hii ni mahindi ya serikali!"

"Ile yangu ilikuwa ya Mungu, na ilimlaza mzee wangu."

Laini ikaangua kicheko. Nzomo hakucheka. Kalunde akatia kijiko cha chumvi chupani, akaongeza mahindi mpaka theluthi, akaziba kwa kiganja, akatikisa mpaka bega likamuuma. Ndivyo walivyofundishwa na Pauline, msichana aliyetumwa na ofisi ya kilimo, palepale uwanjani: mahindi yakiwa makavu, chumvi inaanguka chini, yakiwa na maji, inashika kioo. Maji si sumu, Pauline alisema, lakini ndiyo yanayoulea ukungu, na ukungu ndio unaotoa sumu. Wengi walimcheka siku ile. Kalunde pia alimcheka.

Akaiweka chupa juu ya daftari la Nzomo.

"Sasa tunangoja robo saa."

"Unasimamisha laini!"

"Isimame," Kaluki akasema. "Mimi nilizika mtoto mwezi jana. Sina haraka."

Robo saa ikaisha. Nzomo akaiinua chupa kwenye jua: chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo pande zote. Akapima gunia la pili, mwenyewe. Ikawa vilevile.

"Sasa nifanye nini? Mimi nimetumwa tu. Nikiandika mmekataa chakula, mtalala njaa."

Njaa Kalunde alikuwa nayo. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Andika, bwana. Lakini andika na sababu. Andika chumvi imeshika."

Nzomo aliitazama laini. Hakuna aliyeleta kidole. Akaandika. Lori likaondoka na mzigo wake, na Kalunde akarudi nyumbani mikono mitupu, akapika mbaazi bila kitu kingine. Usiku akajiuliza kama si ujinga.

Ijumaa asubuhi lori jingine likaja. Kabla halijazima injini, meza ya Nzomo ilikuwa imejaa chupa: za soda, za mafuta ya kupikia, hata moja ya dawa ya kikohozi. Kijiji kizima kilikuwa kimekaanga chumvi. Safari hii ilianguka chini, na vidole vikaenda kwenye wino kimoja baada ya kingine.

Jioni Muindi alikaa mezani, amekonda, macho yamerudi kuwa meupe. Kalunde alishika mwiko, akaurudisha sufuriani.

"Naogopa," akasema. "Ni mimi niliyekupa ile."

"Ile tulikula wote, mke wangu. Hii umeipima?"

Akamletea chupa. Muindi akaigeuza, akaigeuza tena, chumvi ikikimbia ndani bila kushika popote.

"Basi pakua," akasema. "Na yako pia."