Maua ya Zamu ya Osing

Osing alikuwa na kijicho, na wala hakujisumbua kukificha. Nyumba yake na ya Belen zilitazamana, barabara ya changarawe katikati, zote mbili zimezungukwa na wigo wa gumamela, yale maua mekundu ya ulimi mrefu ambayo pale Iloilo, Ufilipino, hayamkosi mtu. Mmea wenyewe hauna makuu. Unachomeka kijiti, unakwenda zako, unaota. Sasa niambie, kwa nini wa Belen ufurike maua, Belen ambaye hajawahi kuumwagia hata maji ya kuoshea samaki, na wa Osing, anayeukata kwa mkasi kila Jumamosi mpaka umenyooka kama ukuta, usitoe hata ua la kumdanganyia mtoto?

"Unaunyoa kama kichwa cha mwanajeshi," Belen alimwambia siku moja, amekaa kibarazani anakula embe bichi kwa chumvi. "Uache upumue, shoga."

"Uvivu wako usiuite elimu," Osing akamjibu.

Kilichomkereketa hasa ni mwezi wa Mei. Mei nzima, kila alasiri, watoto humpelekea Bikira maua kanisani, na kila siku ina mama wake wa kupamba altare kwa maua ya nyumbani kwake. Osing alingoja zamu miaka tisa. Safari hii, mwaka ulipoanza tu, wakamtaja: tarehe kumi na tisa. Watu wakampongeza, kisha wote wakageuka kuutazama wigo wa Belen.

"Utamwomba Belen, si ndiyo?" mama mkwe wake akauliza.

"Heri nipambe kwa majani ya mihogo, mama."

Januari hiyohiyo Belen na mumewe wakaenda Cebu kwenye sikukuu ya Mtoto Yesu, wiki nzima. Siku ya tatu, saa saba mchana, mtaa wote umelala kwa joto, Osing alishika panga kwa mkono wake wa kushoto akavuka barabara. Alifyeka mpaka jasho likamwingia machoni. Wigo wote ukabaki visiki vya kufika gotini. Akarudi, akanawa, akala wali wake, na usingizi aliolala siku ile ulikuwa mtamu ajabu.

Belen aliporudi alisimama kidogo, akatazama.

"Mbuzi hao," alisema, akaingia ndani.

Machi visiki vikachipua. Aprili kila kisiki kilikuwa na matawi sita, saba. Mei ilipoingia, wigo ulikuwa mwekundu kutoka chini hadi juu, watu wanasimamisha baiskeli kuutazama. Osing roho ikamuuma mpaka chakula hakishuki. Akazidi kuukata wa kwake, sasa mara mbili kwa wiki, labda utaona haya uchanue.

Asubuhi ya tarehe kumi na tisa aliuzunguka na kapu na mkasi wake. Alipata maua matatu, moja limeliwa na wadudu. Akakaa chini hapohapo, akalia kwa hasira.

Belen akamkuta hivyo. Alikuwa na makapu mawili yaliyojaa pomoni.

"Chukua."

"Sitaki maua yako."

"Ni yako. Kazi si umefanya wewe? Wigo ule ulishazeeka. Miaka miwili namwomba mume wangu aukate, kila siku mgongo unamuuma." Belen akayatua makapu. "Visiki vyote vimekatwa mshazari kutoka kushoto, Osing. Mtaa huu mwenye mkono wa kushoto ni nani?"

Belen akainama, akauokota ule mkasi uliokuwa majanini, akautia kwenye mfuko wa gauni.

"Huu nakaa nao mimi. Wewe unaukata machipukizi kabla hayajachanua. Na panga lako usiliuze, baada ya miaka mitatu nitakuita tena."

Alasiri ile kanisa lilipendeza. "Kumbe wako nao umechanua!" mama mkwe alisema, na akina mama wakampa Osing mkono mmoja mmoja. Belen alikuwa benchi la nyuma, anaimba nje ya sauti, hana habari na mtu. Osing akamtazama, na kijicho kikamrudia, kikali kuliko kile cha maua. Mwanamke yule hata kinyongo hakuwa nacho.